Athari

Kila Jumatano saa kumi alasiri, saa za Ibra,
skrini inawaka ukutani, na nyuso sita za Kopenhageni
zinajipanga kama mayai kwenye trei.
Mimi hukaa katikati.

Kiswahili nilikinyonya, cha bibi aliyerudi na sanduku moja.
Kiarabu nilikikuta uani, Kiingereza nilikilipia ada.
Watu husema: Zuwena, una bahati, lugha tatu!
Bahati. Nami nimezifanya pazia tatu.

Bwana Jesper akiuliza, "Mbona ripoti imechelewa tena?"
hugeuka upande huu: "Anawasalimu, anawauliza hali."
Msellem, wakili wa falaji, mwenye daftari la maji,
akijibu, "Mwambie mafuriko hayangoji fomu yake,"
hugeuka upande ule, na tabasamu: "Wanashukuru kwa msaada."
Miaka minne hiyo. Pande mbili zikipendana
kwa maneno ambayo hakuna aliyeyasema.

Ikaja fomu ya kurasa kumi na saba.
Kisanduku cha mwisho: *Taja athari, kwa tarakimu.*
Msellem akavaa miwani.
Kwake athari ni nusu saa ya maji mferejini:
hii ya msikiti, hii ya Bi Shinuna mjane,
hii ya ndugu watano walioigawa
hata kila mmoja anamwagilia mitende yake
huku akihesabu pumzi.
"Mia mbili thelathini na sita," akasema.
"Tangu kimbunga, kumi na nne hazijaona tone."
Nikaandika 236.
Zile kumi na nne nikaziacha mdomoni mwake.

Kopenhageni walipiga makofi.
Namba ikachapwa kwenye karatasi ing'aayo, na picha ya mndimu.
Miezi mitatu baadaye fedha zikahamishwa
kwenda kwa wenye athari chache kuliko sisi.

Jumatano moja Bi Shinuna akaingia bila kubisha,
akalaza tawi la mndimu wake mezani, mbele ya kamera.
Halikuwa na jani.
"Leo usinirembee," akaniambia. "Sema kama nisemavyo, mpaka nukta."

Akasema: "Ukuta mmeujenga mlipopaona kwenye picha ya angani.
Maji hayapiti pichani.
Mlikuja kutuuliza tunataka nini
na jibu mlikuwa nalo mfukoni."

Nikatafsiri. Ulimi ulikuwa mzito kama wa mtoto aliyevunja kikombe.
Kisha nikaungama na yale mengine,
makofi yao, hesabu yangu.
Nyuso sita zikaganda. Nilidhani mtandao.

Jesper akavua visikizi, akavivaa tena.
"Hilo neno, athari," akauliza, "kwenu ni nini hasa?"
Swali la kwanza lisilo na kisanduku.

Msellem alizungumza dakika arobaini.
Kikao kilikuwa cha thelathini.
Alieleza kivuli cha kijiti kinavyopima zamu mchana,
nyota zinavyopima usiku, na nani aligombana na nani
mwaka ule mfereji ulipoziba.
Jesper akaandika kwa mkono, kwenye karatasi,
halafu akasema polepole:
"Mimi pia najazishwa fomu. Juu yangu yuko mwenye fomu nyingine."

Nikasita. Zamani hilo ningelimeza.
Nikalipitisha zima.
Msellem akacheka mpaka miwani ikashuka puani:
"Kumbe naye ana wakili wake!"
Nalo nikalipitisha. Kopenhageni mtu mmoja alicheka,
sikuona nani.

Fedha hazijarudi. Wanasema Juni.
Vikao vimekuwa virefu, na wiki iliyopita walitukanana kidogo,
Msellem akatoka nje, akarudi na kahawa.
Tawi bado liko kwenye droo yangu, chini ya mihuri.

Usiku mama huniuliza, kwa Kiswahili chetu cha jikoni:
"Leo umewaambia nini wale?"
"Mimi? Sikuwaambia kitu, mama.
Nimepitisha tu."